Talaka Haivunji Uzazi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kulla sifa njema ni za Mwenyiezi Mungu, aliyetujaalia watoto kuwa amana mikononi mwetu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baadu. Ndugu zangu Waislamu, mtu akimwacha mkewe na eda ikisha, huyo si mkewe tena. Walakini mwana waliyemzaa ni wao wawili mpaka siku ya kufa. Hapana tamko la talaka liwezalo kumwacha mtoto. Na hili ndilo wengi wetu katika pwani hii tunalolisahau, hatta mtoto akafanywa fimbo ya kumpigia mama yake. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.

Izingatieni aya ya 233 ya Suratil Baqara. Mwenyiezi Mungu ametaja humo miaka miwili ya kunyonyesha kwa atakaye kuitimiza, akamwajibishia baba chakula na mavazi kwa kadiri ya uwezo wake, na akakataza mzazi yeyote kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe. Kisha ameruhusu mtoto kuachishwa ziwa kabla ya muda huo, kwa sharti wazazi waridhiane na washauriane. Basi ikiwa ziwa tu lataka shauri la wawili, itakuwaje chuo cha mtoto, dawa yake na safari yake?

Ama ulezi, katika madhehebu yetu ya Imam Shafi mama ndiye atangulizwaye kwa mtoto mdogo, madhali hajaolewa na mume mwengine. Alikuja mwanamke kwa Mtume (S.A.W.) akishitaki kuwa mumewe amemwacha na sasa ataka kumpokonya mwanawe aliyemchukua tumboni na kumnyonyesha, Mtume akamhukumia mama. Na alipogombaniwa binti wa Sayyidna Hamza baada ya baba yake kufa shahidi, alipewa Jaafar, kwa kuwa mkewe ni khale wa mtoto, na khale yu mahali pa mama.

Mtoto akisha pambanua, na aghlabu ni miaka saba, hukhiyarishwa baina ya wazazi wake. Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaji namna ya kukaa baada ya hapo. Mwana mume akimkhitari mama, hulala kwa mama, na mchana huwa kwa baba, amtie adabu na ampeleke chuoni na kwenye kazi ya mkono. Akimkhitari baba, baba hana ruhusa kumzuia kwenda kumzuru mama yake. Binti akiwa kwa baba, mama hazuiwi kuja kumwona. Na mtoto akiugua, mama ndiye aliye bora kumuuguza. Tazameni jinsi sharia ilivyowagawia wazazi usiku na mchana, wala haikumfuta mmoja wao.

Mtu husema: "Nitampaje fedha mwanamke niliyemwacha?" Ewe ndugu, fedha hiyo si yake, ni riziki ya mwanao, nayo imepita mkononi mwake tu. Na akikunyonyeshea mwanao baada ya kutoka katika ndoa, Suratit Talaq, aya ya 6, yaamrisha umpe ujira wake. Wako pia wajanja waliosikia kwamba nafaka ya mtoto iliyopita haigeuki deni ila kwa amri ya kadhi, wakaifanya hiyo ni nafasi ya kuchelewesha. Deni huenda likaanguka, walakini dhambi haianguki, na Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba yamtosha mtu dhambi ya kuwapoteza wale ambao chakula chao ki juu yake.

Basi mkiachana, msingoje kuitwa mbele ya kadhi. Kaeni pamoja na wazee wawili waadilifu, wa upande wako na wa upande wake, muandike: nafaka ni kiasi gani na italetwa siku gani, mtoto atakuwa wapi siku za chuo, na wapi siku ya Idi, nani atampeleka kwa tabibu. Fedha mpeni mtu mzima azipeleke, msimtume mtoto kwenda kudai. Wala usimtaje mama yake kwa ubaya naye asikia, kwani hiyo ni kumfundisha kumwasi yule ambaye Mtume alimtaja mara tatu kabla ya kukutaja wewe. Na mama naye asimfiche mtoto na baba yake, wala asimlishe chuki juu yake. Haki ni ya pande mbili.

Kesho Akhera hutaulizwa ulimshindaje mke uliyemwacha. Utaulizwa juu ya amana. Ewe Mola, tupe insafu wakati wa hasira, na uwahifadhi watoto wetu na shari ya ugomvi wetu. Amin. Wabillahi taufiki.