Kabla ya Kujibu

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Waamuzi 8:1-17, Waamuzi 12:1-6, Matendo 11:1-18, Wagalatia 2:11-14, 2 Petro 3:15, Mathayo 5:23, 24.

Fungu la kukariri: Mithali 15:1.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann alikuwa safarini kutoka Rabai, karibu na Mombasa, kwenda Kilema, kwenye mitelemko ya Kilimanjaro. Asubuhi hiyo aliona kitu cheupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Alipomwuliza kiongozi wa msafara, aliambiwa tu kwamba ni baridi. Rebmann alikuwa mzaliwa wa Gerlingen, kusini mwa Ujerumani, na theluji aliijua tangu utotoni. Akatambua anachokitazama.

Habari hiyo ilichapishwa Uingereza mwaka 1849. Mkazi wa Moshi, ambaye huiona Kibo kila asubuhi mawingu yakiwa yameondoka, anaweza kushangaa kwamba habari hiyo ilileta ugomvi. Ilileta, tena mkubwa. Mtaalamu wa jiografia wa London, W. D. Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alisema kuwa haiwezekani theluji ikakaa karibu na ikweta. Hakuishia hapo. Aliyashambulia hata macho ya Rebmann, kwamba ni mtu asiyeona vizuri.

Juma hili darasa litajifunza juu ya mtu anayekosolewa. Jinsi ya kumkosoa mwingine ni somo tofauti, na wengi hulipenda zaidi. Hili la kukosolewa ni gumu, kwa sababu maneno ya kukosoa huuma vilevile, yawe ya kweli au ya uongo.

JUMAPILI: Efraimu Wanalalamika

Soma Waamuzi 8:1-3. Watu wa Efraimu walimlalamikia Gideoni juu ya nini? Linganisha na Waamuzi 6:35.

Gideoni alikuwa bado vitani. Watu wake walikuwa wamechoka, wafalme wawili wa Midiani hawajakamatwa, na hapo ndipo Efraimu wakamjia kwa ukali: mbona hukutuita ulipokwenda kupigana? Ukirudi kwenye 6:35 utaona kwamba malalamiko yao yalikuwa na ukweli ndani yake. Wajumbe walipelekwa kwa Manase, Asheri, Zabuloni na Naftali. Efraimu waliitwa mwishoni, vita vilipokuwa vimekwisha kugeuka.

Gideoni angeweza kuwauliza walikuwa wapi miaka yote ambayo Wamidiani walikula mazao ya Israeli. Badala yake aliitaja kazi yao. Wao ndio waliowakamata Orebu na Zeebu. Yeye amefanya nini cha kulinganisha na hicho? Huku hakukuwa kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa sababu jambo alilolitaja lilikuwa la kweli (Waamuzi 7:24, 25). Hasira yao ikatulia, naye akaendelea na safari.

Wengi huishia hapo, nao hukosa jambo muhimu. Soma pia aya ya 4 hadi ya 17. Watu wa Sukothi walipomkejeli Gideoni na kumnyima mikate, aliapa kuwaadhibu kwa miiba, na aliporudi akafanya hivyo. Huko Penueli aliubomoa mnara na kuwaua watu wa mji. Kosa lao la kuwanyima chakula wapiganaji waliochoka halikuwa dogo. Hata hivyo ni vigumu kutoliona hili: kabila kubwa lenye silaha lilipata jibu laini, na miji midogo isiyo na nguvu ilipata miiba. Upole mbele ya mwenye nguvu mara nyingine ni busara tu ya kujilinda. Mzee wa kanisa anayemsikiliza mchungaji kwa unyenyekevu ajiangalie pia siku binti wa kwaya anapomwambia kwamba tangazo lake lilikuwa na makosa.

JUMATATU: Kabila Lilelile

Soma Waamuzi 12:1-6. Malalamiko haya yanafananaje na yale aliyoyapata Gideoni?

Ni Efraimu tena, na neno lao ni karibu lilelile: kwa nini hukutuita? Safari hii wameongeza tishio la kumchoma Yeftha pamoja na nyumba yake. Yeftha alijibu kwamba aliwaita na hawakuja, kwamba alihatarisha nafsi yake, na kwamba Bwana ndiye aliyempa ushindi. Huenda kila neno lilikuwa sahihi. Lakini jibu lote lilikuwa la kujitetea, na baada yake hakukuwa na neno jingine ila upanga. Kwenye vivuko vya Yordani, kwa neno moja la kutamka, Shibolethi, wakaanguka watu 42,000 wa Efraimu.

Rudi kwenye Waamuzi 11:1-7 ujue mtu huyu alitoka wapi. Ndugu zake walikuwa wamemfukuza nyumbani kwa baba yao na kumnyima urithi. Efraimu waliposema kwa dharau, yawezekana Yeftha alisikia sauti za ndugu zake. Hivyo ndivyo inavyotokea kwa wengi. Mtu anaambiwa neno moja leo, naye anajibu neno aliloambiwa miaka ishirini iliyopita na mtu mwingine kabisa.

JUMANNE: Theluji na Ziwa

Rebmann alifanya nini baada ya kushambuliwa? Wenyeji wa mlimani walikuwa wanajua walichonacho. Habari zilizowafikia wamisionari zilieleza kwamba kile kitu cheupe kikiletwa chini hugeuka kuwa maji. Rebmann alirudi Uchagani mara ya pili Novemba 1848, akafika Machame, na mara ya tatu Aprili 1849. Mwezi Novemba mwaka huo mwenzake, Ludwig Krapf, aliiona theluji hiyo kwa macho yake akiwa safarini Ukambani. Cooley hakumwamini huyo pia, na mwaka 1852 alitoa kitabu kilichoendeleza hoja zake.

Rebmann alishikilia alichokiona, na wala hakuyageuza maisha yake kuwa kesi dhidi ya Cooley. Alibaki katika kazi yake pwani mpaka mwaka 1875, akihubiri na kukusanya maneno ya lugha za watu kwa ajili ya kamusi. Mwaka 1862 Baron Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda Kilimanjaro hadi zaidi ya meta 4,000, na theluji ikawaangukia usiku. Cooley hakukubali hata hapo. Ni vizuri darasa lijue kwamba kuna mkosoaji ambaye hataridhika hata aletewe nini, na mtu anayesubiri aridhike ndipo aendelee na kazi atasubiri mpaka afe.

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa tamu na ya hatari. Kila anayekosolewa angejiona Rebmann, na kila anayemkosoa angekuwa Cooley.

Lakini kuna habari ya pili. Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt walitengeneza ramani ya bara, iliyochapishwa mwaka 1856, kutokana na maelezo ya wafanyabiashara wa misafara. Ilionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, lenye umbo kama la konokono asiye na gamba. Wataalamu wa London waliipokea kwa mashaka. Richard Burton na John Speke walitumwa kuchunguza maziwa ya bara, na mwaka 1858 walifika Ziwa Tanganyika. Baadaye mwaka huohuo Speke akafika peke yake kwenye ziwa aliloliita Victoria. Lile ziwa moja halikuwapo. Yalikuwa maziwa kadhaa, yametenganishwa na nchi kavu pana.

Ni mmisionari yuleyule na bara lilelile. Juu ya theluji, waliomcheka walikosea. Juu ya ziwa, waliotilia shaka walikuwa na sababu. Tofauti ni kwamba theluji aliiona mwenyewe, na ziwa aliliunganisha kutokana na masimulizi ya wengine. Kutoka nje, maswali ya watu yalifanana mara zote mbili. Aliyewahi kuonewa mara moja akathibitika kuwa sahihi yuko katika hatari ya pekee: atakapokosolewa tena atakumbuka theluji, na hatalichunguza ziwa.

Ni wakati gani umekuwa mgumu kuonywa kwa sababu ya jambo la zamani ambalo ulikuwa sahihi?

JUMATANO: Petro Mara Mbili

Soma Matendo 11:1-18, kisha Wagalatia 2:11-14. Jambo gani linafanana katika matukio haya mawili? Nani alikuwa sahihi katika kila moja?

Huko Yerusalemu Petro alishutumiwa kwa kula na watu wasiotahiriwa. Yeye ndiye aliyekuwa ametoka kuona Roho akishuka nyumbani kwa Kornelio, na angeweza kuwanyamazisha kwa cheo chake. Luka anasema aliwaeleza kwa taratibu, tangu mwanzo. Alitaja hata sehemu isiyompendeza, kwamba mwanzoni yeye mwenyewe alikataa. Alikuwa na ndugu sita walioshuhudia. Waliposikia walitulia, wakamtukuza Mungu. Kwa hiyo upole hauna maana ya kunyamaza, wala ya kukubali kosa ambalo hukulifanya. Petro alijibu kikamilifu. Alijibu lile waliloliuliza.

Baadaye, huko Antiokia, jambo lilikuwa lilelile la kula na Mataifa, ila safari hii Petro ndiye aliyejitenga nao kwa kuwaogopa watu. Paulo akamkemea mbele ya wote. Maandiko hayatuambii Petro alijibu nini. Tunachoweza kusoma ni 2 Petro 3:15, ambapo mzee huyu, karibu na mwisho wa maisha yake, anamtaja Paulo kwa jina na kumwita ndugu mpenzi. Fikiria ilivyo vigumu kuandika hivyo juu ya mtu aliyekuaibisha hadharani, na ambaye barua yake inayoeleza aibu hiyo inasomwa makanisani.

ALHAMISI: Desemba Kihambani

Soma Mathayo 5:23, 24. Ni nani anayepaswa kuiacha sadaka yake: mwenye kulalamika, au anayelalamikiwa?

Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam hujaa watu wanaorudi Moshi, Marangu, Rombo na Machame. Ni majira ya furaha, na pia ya vikao vya familia. Kwa desturi ya Wachaga mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, na mara nyingi ndiye anayemtunza mama mzee wenzake wakiwa mbali.

Fikiria kikao cha namna hiyo. Dada mkubwa anasema mbele ya wote, "Mdogo wangu, hela ya dawa tunatuma kila mwezi. Mbona mama amekonda hivi?"

Ndugu huyu ndiye anayeamka usiku mama akikohoa. Ndiye aliyemkodia gari kumpeleka hospitali mvua za masika zilipoharibu njia. Jibu liko tayari mdomoni: "Dada, mara ya mwisho kuja hapa ilikuwa lini?" Ni swali la haki, na ndilo jibu la Yeftha. Likitoka, kikao kimekwisha, na mama anasikia yote kutoka chumbani.

Anaweza kusema hivi: "Dada, hata mimi naliona, na linanitisha. Kadi ya kliniki na daftari la matumizi viko ndani. Tuviangalie pamoja, uniambie unaona nimekosea wapi." Hajakiri kosa wala hajalikana. Amemhesabu dada yake kuwa mtu anayempenda mama, na hilo ni kweli. Huenda daftari litaonyesha kwamba kila shilingi ilikwenda mahali pake, na dada ataona haya. Huenda pia litaonyesha miezi miwili ambayo dawa hazikununuliwa kwa sababu ada za watoto zilibana, jambo ambalo ndugu huyu mwenyewe alikuwa hataki kulikumbuka. Mpaka daftari lifunguliwe, hajui kama hii ni theluji au ni ziwa.

Na kama moyo unamchemka kiasi kwamba hawezi kusema kwa upole, aombe muda mpaka kesho asubuhi. Ila asubuhi ikifika azungumze. Wako wanaoomba muda na kuufanya mwaka mzima.

Mipaka ya vihamba vingi hupandwa masale. Tangu zamani aliyemkosea mwenzake alichukua jani la isale na kwenda nalo kuomba radhi, na ilikuwa vigumu sana kwa aliyepelekewa kukataa. Jani lenyewe halina uwezo wowote, na anayeungama kwa Kristo halihitaji. Lakini tazama tena maneno ya Yesu. Katika desturi ile aliyekwenda ni mwenye kosa. Yesu anamtuma mtu ambaye ndugu yake ana neno juu yake, na hasemi kama neno hilo ni la haki au la. Anasema tu aende kwanza, sadaka ikisubiri madhabahuni.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma juu ya Gideoni katika kitabu cha Ellen G. White, Wazee na Manabii, sehemu ya waamuzi wa kwanza.

Maswali ya kujadili:

Kwa nini ni rahisi zaidi kumjibu kwa upole mtu mwenye cheo kuliko mtoto, mke, au mfanyakazi wa nyumbani? Darasa litoe mifano ya wiki hii, si ya zamani.

Mweka hazina wa kanisa anaulizwa kwenye mkutano wa mashauri kuhusu sadaka ya ujenzi, na aliyeuliza ana nia mbaya inayojulikana na wote. Je, nia hiyo inabadilisha wajibu wa kujibu swali lake?

Ni nani ambaye, kabla ya Sabato ya kesho, ana neno juu yako na bado hujamwendea?