Timu ya Kuazima

Kila mwaka, michezo ya shule za sekondari iitwayo UMISSETA inapokaribia, neno moja hurudi midomoni mwa walimu na wazazi: mamluki. Mamluki ni mchezaji aliyeletwa shuleni si kwa ajili ya masomo, bali kwa ajili ya mguu wake au mkono wake. Pengine amehamishwa majuma machache kabla ya mashindano. Pengine si mwanafunzi kabisa, naye huingia uwanjani kwa jina la binti mwingine. Maafisa wa michezo wameonya mara nyingi. Lakini onyo peke yake halitoshi, maana wengi wetu hatujajiuliza ubaya wa jambo hili ni nini hasa. Ati, si mchezo tu?

Wasomaji wapenzi, tuutazame mpira wa pete, mchezo upendwao na mabinti wa shule zetu, kutoka Tanga mjini hata Muheza, Pangani na Mkinga. Wachezaji ni 7 kila upande. Aliyeudaka mpira haruhusiwi kukimbia nao, wala kukaa nao zaidi ya sekunde 3. Kila mmoja ana eneo lake, na wawili tu ndio wawezao kufunga. Basi binti mrefu kuliko wote, akisimama chini ya pete iliyo juu mita 3.05, hana la kufanya mpaka wenzake wamfikishie mpira. Sheria za mchezo zenyewe zatufundisha kwamba mmoja hatoshi.

Asili ya mchezo nayo yafundisha. Mpira wa pete ulikua Uingereza kutokana na mpira wa kikapu, na huo ulibuniwa mwaka 1891 na mwalimu James Naismith huko Springfield, Marekani. Alikabidhiwa darasa la vijana 18 waliochoshwa na mazoezi ya viungo ya majira ya baridi. Hakutafuta wengine walio bora. Vikapu viwili vya matunda vikapigiliwa kwenye roshani, vijana wakagawanywa 9 kwa 9, wakacheza. Tangu siku yake ya kwanza, mchezo huo ulitungwa kwa ajili ya wanafunzi waliopo.

Wako watakaotujibu: "Binti wa maskini akilipiwa karo kwa sababu ya kipaji chake, kuna ubaya gani?" Hoja hii ni nzito, nasi hatuipuuzi. Kumsaidia mtoto asome ni tendo jema, hata kama kipaji cha michezo ndicho kilichotufanya tumwone. Lakini twapenda kumwuliza msaidizi huyo swali moja: mguu wa binti ukivunjika kesho, je, utaendelea kumlipia mpaka amalize Kidato cha Nne? Akijibu ndiyo, amempenda mtoto. Akisita, amelipenda kombe, na mtoto aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu amefanywa chombo. Achezeshwaye kwa jina lisilo lake hudhurika zaidi, maana watu wazima aliowaamini wamemfundisha kusema uwongo, kisha wakampigia makofi.

Tusimsahau yule aliyeondolewa. Mwaka mzima amefanya mazoezi baada ya masomo, jua la kaskazi likimchoma. Siku ya mashindano aambiwa avue jezi ampe mgeni. Naye hawezi kulalamika, kwani ni mtoto. Shule ni yake, lakini amefanywa mtazamaji ndani yake. Wahenga walinena kweli: nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Je, timu njema yaweza kujengwa kwa watoto waliopo? Yaweza, ila kwa saburi. Shule ya kata hupangiwa wanafunzi wake. Haichagui warefu wala wepesi. Mwalimu mwenye busara huanza na Kidato cha Kwanza. Huwafundisha kudaka kwa mikono miwili, kusimama imara, na kumpa mpira upesi aliye huru. Wakubwa huwapa kazi ya kuwafundisha wadogo, ili Kidato cha Nne wanapomaliza, mchezo usiondoke nao. Tena hukutana na wazazi, maana binti angojewaye nyumbani ateke maji na kupika hawezi kubaki uwanjani, isipokuwa kaka zake nao wameshika ndoo. Kazi hii yachukua miaka 4. Mkulima wa pwani aijua hesabu hiyo: apandaye mnazi hangojei nazi mwaka uleule, na anunuaye nazi sokoni hawezi kujiita mwenye shamba.

Twakiri kwamba shule ifuatayo njia hii itashindwa mara nyingi mwanzoni, na huenda isilipate kombe kamwe. Yatupasa kuwaambia watoto hilo waziwazi. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka kila shule iwe jamii. Na katika jamii iliyo njema, mtoto hatupwi kwa kuwa jirani ana mtoto mrefu zaidi.

Basi, ninyi wazazi, binti yenu arudipo kutoka mashindanoni, msianze kwa kumwuliza kama wameshinda. Mwulizeni kwanza amecheza na nani. Akiwataja wenzake wote kwa majina yao ya kweli, mshukuruni Mungu, na mpikieni chakula kizuri, hata kama wamefungwa.