Mbwa wa Uani na Haki ya Jirani

Watu wengi wakiulizwa kama ni wema kufuga mbwa hujibu swali jingine. Mmoja husema mbwa ni najisi. Wa pili husema mbwa ni mlinzi. Wa tatu, aghalabu kijana, husema mbwa ni rafiki. Majibu yote matatu yanamhusu mbwa, hali swali lilimhusu mfugaji. Nakusudia kulirudisha swali hilo mahali pake, na kwa kuwa sina haki ya kumsimanga mtu kwa kosa nililolitenda mwenyewe, nitaanza na nyumba yangu.

Nyumba hiyo iko Kariakoo, nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na ua nyuma, mojawapo ya chache ambazo hazijavunjwa kupisha maghorofa. Niliirithi kwa baba, pamoja na wapangaji wake. Uani mna jiko, choo, bomba na kamba za nguo, na kwa miaka minne sasa mna mbwa, jina lake Simba. Nilimleta kwa sababu ya wezi. Mchana alifungwa kwa kamba fupi karibu na mlango wa nyuma, usiku akafunguliwa. Wezi hawakuja tena, nami nikaridhika kuwa nimewafanyia wapangaji ihsani. Hakuna aliyelalamika. Ilinichukua muda mrefu kutambua kuwa mpangaji halalamiki kwa wepesi mbele ya mtu anayempokea kodi.

Mmoja wao ni bibi anayemlea mjukuu wake wa kiume. Ni mtu wa swala tano. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wafuasi wa Imamu Malik wana rai nyepesi zaidi, walakini bibi huyu si mfuasi wa Malik, wala haimpasi kubadili madhehebu kwa ajili ya mbwa wangu. Ua wetu umesakafiwa kwa saruji tangu zamani, hauna udongo. Basi bibi aliweka kopo la mchanga nyuma ya mlango wake. Nililiona kopo hilo mara nyingi nikadhani ni la kuoteshea maua.

Jina la Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi wa jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Watu wale walibebeshwa mizigo isiyokuwa yao. Nalitaja jambo hili kwa kupita tu, maana mchanga wa kopo si risasi wala si unga wa askari. Lakini mbwa alikuwa wangu, na mchanga aliutafuta bibi.

Siku moja mtoto alikwenda kuokota mpira karibu na kamba, Simba akamwuma mguuni. Tuliliosha jeraha kwa sabuni na maji ya bomba kwa dakika 15, kisha tukampeleka hospitali akaanza sindano. Daktari aliniuliza mbwa alichanjwa lini. Chanjo yake ilikuwa imepitwa na wakati kwa miezi mitano. Si kwamba nilikosa fedha. Nilikuwa naahirisha. Kinga ya ugonjwa huu yajulikana tangu siku za Louis Pasteur, mwaka 1885. Hapa karibu, kisiwani Pemba, kuwachanja mbwa kumekwisha kuonyesha kuwa kichaa hicho kinaweza kuondolewa. Na kila msomi ajua kuwa dalili zikimtokea binadamu, karibu hakuna anayepona. Nami nilikuwa msomi.

Mbwa aliyeuma hutazamwa siku 10. Kila alfajiri nilimpelekea Simba maji nikasimama kuona kama anameza. Nilitazama macho yake, mate yake, mwendo wake. Siku ya tatu niligundua kuwa hunywa kwa kugeuza shingo upande, kwa sababu kamba ilikuwa imemchubua. Sijui alikuwa na kidonda kile tangu lini. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ilikwisha kuniamuru nimtazame. Sikumtazama ila nilipoogopa.

Siku ya 10 ilipita, mbwa mzima, mtoto mzima. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa falsafa, akaniambia kuwa pasipo madhara hapana deni. Sikubaliani naye. Hali yangu siku ile mbwa alipouma ilikuwa sawasawa na hali ya mtu ambaye mtoto wa jirani yake alikufa. Tofauti yetu haikutoka kwangu. Nikijisifu kwa salama ile, najisifu kwa kitu nilichookota njiani.

Na uangalizi wa zile siku 10 ulikuwa wema? Madrasani tulifundishwa hadithi ya mtu aliyemkuta mbwa akihema kwa kiu, akashuka kisimani, akakijaza kiatu chake maji, akamnywesha, Mungu akamsamehe dhambi zake. Mtu yule hakuwa mwenye mbwa, wala hakuwa na mtoto wa jirani wa kumhofia. Alikiona kiu. Mimi niliyaona maji tu, kama yanashuka au hayashuki.

Nilikwenda kumwomba bibi radhi, nikamwambia kuwa nitamwondoa mbwa akitaka.

“Mwalimu,” alisema, “mimi sina ugomvi na mbwa. Mbwa hakuomba kuletwa hapa. Ukimwondoa utampeleka wapi? Atakwenda kwenye ua wa mtu mwingine, nako kuna bibi mwingine.”

Sikuwa na jibu. Simba yungali uani, amechanjwa, kamba imehamishiwa pembe ya mbali na bomba, na jioni mtu humtembeza. Mchanga wa kopo naleta mimi. Mtoto bado hupita akiambaa ukuta wa upande wa pili.