Edomu Alikataa Njia
(Hesabu 20:14–21)



Waisraeli walipofika Kadeshi, Musa alituma wajumbe kwa mfalme wa Edomu kuomba njia. Ombi lao lilikuwa la adabu. Waliahidi kushika barabara kuu, wasikanyage shamba wala mizabibu; hata maji, kama wao au mifugo yao wakiyanywa, wangeyalipia. Edomu akatoka na jeshi. Israeli wakazunguka. Wanachuo wa ualimu tuliowafundisha habari hii walikuwa na swali moja sikuzote: ikiwa angelipwa, mbona alikataa? Tena alikuwa ndugu, maana Edomu ni uzao wa Esau, pacha wa Yakobo.

Sisi watu wa pwani hii hatuwezi kulipita swali hilo upesi. Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ililipa hongo kwa watemi ambao ilipita nchini mwao. Neno hilo, ambalo leo ni jina la rushwa, hapo kale lilikuwa jina la ada ya kupita. Watu walibishana sana juu ya kiasi chake, lakini walipokwisha kupatana mizigo ilijitwika tena vichwani na safari ikaendelea.

Sasa tutazame kwetu. Shamba la minazi halikuwa na geti. Aliyetoka pwani na tenga la samaki alikata katikati ya minazi ya jirani, akasema hodi, akapita. Mwaka 2013 habari za bandari iliyokusudiwa kujengwa Mbegani zilienea, na wengi wakaja kutafuta ardhi. Mzee akauza kipande cha mbele, na alipofariki watoto wakauza cha nyuma. Hati ya mauziano yataja hatua kwa hatua, urefu na upana, yataja na mashahidi, lakini juu ya njia haisemi neno. Wa mbele akajenga ukuta, na wa nyuma akaamka amefungiwa kama kuku tenguni.

Tusiwe wepesi kumhukumu mwenye ukuta. Kiwanja amekinunua kwa jasho. Ameibiwa betri ya gari. Lori la mchanga limemvunjia shimo la choo. Mbuzi wa watu wamemaliza mchicha wake. Na pale penye geti moja kwa nyumba mbili, mmoja huweka gari lake katikati usiku kucha, na siku ya kununua kifusi cha kuziba mashimo hana hata shilingi. Mpita njia wa namna hiyo amesahau ahadi ya wajumbe wa Musa. Anayeomba njia hana budi kuituliza roho ya anayempa.

Lakini kuna siku ambayo hesabu hizi zote hazisemi kitu. Mama mjamzito ashikwa na uchungu saa nane za usiku, na bajaji haifiki mlangoni. Au msiba waingia, na jeneza halipiti kichochoroni. Hapo hakuna wa kuuliza ukuta umejengwa kwa haki gani. Jirani zetu Waislamu huja kutuchukulia maiti wetu, nasi huenda kuwachukulia wao, je, tuwazungushe?

Sheria yenyewe haimwachi mtu gizani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yamruhusu mwenye ardhi kumwandikia jirani haki ya kupita, ikasajiliwa, na atakayenunua baadaye aikute na kuiheshimu. Walio katika ardhi ya kijiji wanalo Baraza la Ardhi, watu saba, na wanawake wasiopungua watatu, ambao kazi yao ni kusuluhisha. Kusuluhisha, twasema, si kumpa mmoja ushindi wa kutembea nao kijijini. Afadhali kwenda huko mkiwa mngali mwasalimiana. Bwana wetu alipofundisha juu ya mashtaka hakutaka tungoje siku ya hakimu. Alitaka mapatano yafanyike wakati mdai na mdaiwa wangali wakitembea pamoja. Na watatembeaje pamoja, kama njia imefungwa? Basi anayeuza sasa, akate njia kwanza, aiandike katika hati, ndipo apime kiwanja.

Kanisa letu lina desturi ya kale kwa jambo hili. Siku tatu kabla ya Sikukuu ya Kupaa Bwana ni siku za kuombea mashamba kwa maandamano. Padre George Herbert wa Uingereza, katika kitabu chake juu ya padre wa shamba, kilichochapwa mwaka 1652, miaka 19 baada ya kufa kwake, alitaja faida zake: kumwomba Mungu abariki mazao, kuhifadhi mipaka kwa haki, majirani kutembea pamoja na kumaliza ugomvi wao, na kuwasaidia maskini.

Twamwomba Padre na wazee wa kanisa kwamba maandamano yajayo yasizunguke kanisa tu. Yapite vichochoroni, msalaba mbele, hadi ufukweni. Na pale ambapo ukuta utatuzuia, tusimame, tumwombee aliye ndani na aliye nyuma yake, kisha mmoja wetu abishe hodi.