Tunakimbia Tu

Mwaka jana, asubuhi ya Jumanne, tulikuwa vijana kumi na wanne tunashuka kilima kurudi Base Camp. Jua lilikuwa halijatoka vizuri. Usiku mvua ilinyesha, udongo unashika viatu, kila mtu anahema na hakuna anayeongea. Tulipofika kwenye nyumba za kwanza, nyanya mmoja alitoka mlangoni, akatuangalia, akarudi ndani haraka. Tunapita, naye akatoka tena. Mtoto yuko mgongoni, sufuria iko mkononi, na kwapani ule mfuko wa plastiki ambao kila familia hapa inao, wa kutunzia karatasi. Akauliza, "Wamefika wapi?"

Nilisimama. Nikamwambia, "Hapana, nyanya, usiogope. Hakuna kitu. Tunakimbia tu."

Hapo nikasikia nilichosema. Kwa Kiswahili sina namna nyingine ya kukisema. Jirani yangu wa Burundi ana maneno mawili: kwiruka ni mbio za miguu, guhunga ni kuikimbia hatari, na mkimbizi kwao anaitwa impunzi, kutoka hilo la pili. Kifaransa tulichosoma kule Kongo kinasema réfugié, na neno hilo linaangalia mahali mtu alipopata kujificha. Sisi tuna kukimbia peke yake. Mkimbiaji na mkimbizi ni watoto wa mama mmoja, na hata kimbilio limetoka tumbo lile lile. Mwalimu angesema maneno mengine katika sentensi yatakuonyesha maana. Ni kweli ukiwa darasani. Saa kumi na mbili asubuhi hakuna sentensi, kuna miguu tu.

Nyanya alikaa chini kwenye kizingiti. Hakutukana mtu. Alimshusha mtoto akasema, "Sawa, endeleeni." Mimi niliendelea, lakini mbio zangu za siku ile ziliishia pale. Tangu hapo najiuliza: je, tuna haki ya kukimbia kwa raha katikati ya watu waliofika hapa wakikimbia?

Nieleze kidogo njia yenyewe, juu wasomaji wengine wanaijua Nakivale kwa kioo cha gari tu. Makazi haya yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Kwa hiyo vijiji vyetu si vya jana. Vingine vina umri kuliko wazazi wetu, na vingine vina majina ya kule watu walikotoka. Ukianza mbio chini karibu na ziwa, unaacha mafunjo nyuma yako (usiende karibu sana na maji gizani, viboko hawajui mambo ya mazoezi), unapita redio ya Kinyarwanda, halafu adhana, halafu harufu ya chapati za Wasomali, halafu mama wa Kivu anasonga uji. Halafu unatoka kwenye nyumba zetu, na vilima vya Isingiro vinaanza: migomba ya matoke ya Wanyankole kila upande, na ng'ombe wa pembe ndefu ambao hawampishi mtu. Huko juu unaona ziwa lote. Nilifika hapa mwaka 2012 kutoka Rutshuru, nikiwa na miaka kumi na mbili, na nilikaa miaka mingi bila kujua kwamba mahali hapa ni pazuri. Nilijua foleni, bomba na shule. Uzuri nilionyeshwa na miguu. Hilo silichukulii kama kitu kidogo.

Baada ya siku ile tulikaa na kikundi tukazungumza. Kijana mmoja, ndiye mwenye mbio kuliko sisi wote, alisema hatuna kosa. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa ruhusa ya kutembea huku na huku, na kukimbia ni kutembea kwa haraka. Hofu ni ya nyanya, hatukumpa sisi. Wale waliompa hofu wanalala vizuri, na sisi ndio tukae ndani? Maneno hayo yana nguvu. Kama kila kitu kinachomkumbusha mtu vita kinapaswa kukomeshwa, hapa hatutapiga ngoma, hatutafunga mlango kwa nguvu, hatutachoma majani shambani.

Msichana mmoja akamjibu kwamba haki siyo neno la mwisho. Nina haki ya kupika nyama mbele ya mtu mwenye njaa, je nitapika? Alisema mwili wa nyanya haukuuliza sheria, uliona vijana wengi wanashuka kilima bila kuongea, ukafanya kile kilichomwokoa mara ya kwanza. Huo si ujinga. Ni akili, ila imechelewa miaka.

Mimi nilikuwa katikati. Kiongozi wa vijana mara nyingi yuko katikati, ndiyo kazi yake mbaya.

Jambo moja nataka kuwaambia ndugu zetu wa mashirika, bila kuwalaumu. Nanyi pia mnakimbia asubuhi, tunawaona. Mna viatu vya rangi, mna nyaya masikioni, na hakuna nyanya anayebeba sufuria kwa ajili yenu. Mtu wa shirika akikimbia, watu wanasema anafanya spoti. Mimi nikikimbia na kandambili zangu, watu wanauliza nani ananifukuza, au nimeiba nini. Mara moja huko barabarani nilisimamishwa na kuulizwa hivyo hivyo, na jibu langu la "mazoezi" halikukubaliwa mpaka nilipoonyesha jezi chini ya koti. Kumbe mbio za raha zina sare yake. Anayeweza kuinunua anaruhusiwa kukimbia bila sababu. Asiye nayo lazima awe na sababu, na sababu yenyewe lazima iwe mbaya.

Mama yangu ana hoja yake nyingine: chakula. Tangu mgao uanze kupungua na watu kugawanywa kwa makundi, yeye anahesabu kila kikombe cha unga, na mtu anayetoka jasho bure anamuudhi. "Nguvu hiyo ungelimia," anasema. Sina jibu zuri kwake. Nalima, halafu nakimbia.

Mwezi uliofuata tulipata nafasi ya kwenda Mbarara, tukakimbia kutoka mjini kufuata barabara ya Kampala mpaka Biharwe. Pale kuna mnara wa kukumbuka kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520. Inasimuliwa kwamba Olimi, mfalme wa Bunyoro, alikuwa anapita na ng'ombe aliowateka, na mchana ukageuka usiku. Aliogopa, akakimbia, akaacha ng'ombe wote. Vijana walicheka sana. Mimi nilipenda kwamba watu wa Ankole wameweka mnara mahali ambapo mtu mwenye nguvu alikimbia. Hofu yake haikuwa upumbavu: jua limezimika mchana, wewe ungefanya nini? Tulikaa chini ya mnara tukinywa maji, tukarudi kwa kumfikiria nyanya wetu, au angalau mimi nilimfikiria.

Njiani niliwasimulia habari ya John Akii-Bua. Mwaka 1972 huko Munich alishinda mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki. Mwaka 1979 serikali ya Amin ilipoanguka, mtu huyo huyo alikimbilia Kenya na kuwekwa kambini kama mkimbizi. Miguu ile ile. Sidhani kama mwili wake ulikuwa na kabati mbili, moja ya mbio za furaha na nyingine ya mbio za hofu. Na wale vijana wa Sudan Kusini waliotoka Kakuma wakakimbia Rio mwaka 2016 katika timu ya kwanza ya wakimbizi, nadhani nao walijifunza mbio mara mbili.

Kwa hiyo uamuzi wangu wa kwanza, nikiwa bado na huruma nyingi na akili kidogo, ulikuwa kubadilisha njia. Tungezunguka nyuma, tusipite kwa wazee. Tulifanya hivyo wiki mbili. Njia ile mpya inapita pembeni mwa shamba la mwenyeji mmoja, tukamkanyagia maharage. Akatungoja na fimbo yake na maneno machache ya Runyankore ambayo hayahitaji tafsiri. Tulimwomba radhi na tulimpalilia siku moja. Angalia basi: nilimkinga mtu mmoja kwa kumpelekea mwingine mzigo, na huyo wa pili hata hakuulizwa.

Ndipo nilienda kwa nyanya mwenyewe. Ningekwenda siku ya kwanza, lakini tulikuwa tumeshamjadili kama vile hayupo, na jambo hilo linanitia haya kuliko maharage. Nilimweleza kwamba tumehama njia ili asiogope. Alikasirika kweli. "Sasa mwanangu, munanifanya mgonjwa? Mimi nilisema musipite?" Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea: kinachomtisha si mbio. Ni ukimya. "Watu wanaokimbia bila sauti, hao ndio nawajua. Pigeni kelele. Semeni habari ya asubuhi. Na mmoja wenu asimame hapa aniambie munatoka wapi."

Tumefanya hivyo tangu Julai. Tunashuka kilima tukiimba vibaya, mmoja anasimama kizingitini dakika mbili, anasalimia, anasema leo tumefika mpaka wapi. Wakati mwingine nyanya hajaamka na mjukuu ndiye anayepokea ripoti.

Wote hawajafurahi. Yule kijana mwenye mbio anataka kufika kwenye mashindano makubwa, na saa yake haihesabu salamu. Huwezi kuimba ukiwa unatafuta muda wako bora, pumzi haitoshi. Mwezi uliopita aliniambia kwa heshima kwamba atakuwa anakimbia peke yake upande wa Juru. Sikumzuia, na siwezi kusema amekosa. Ana miaka kumi na tisa, na hizo mbio huenda ndizo kitu pekee alichonacho ambacho hakuna anayeweza kukipunguza kwa tangazo. Nilimwomba tu awe anakohoa akikaribia nyumba za watu. Alicheka, akasema atajaribu.

Sisi Alhamisi tunapita tena, saa kumi na mbili na nusu. Zamu ya kusimama kizingitini ni yangu.