Mapumziko Yangu, Mzigo wa Nani?

Mwezi uliopita bosi aliniita nyuma ya kaunta. Nauza duka la vifaa vya ujenzi mjini Moshi. "Kijana, ukibaki mpaka saa moja usiku kila siku, hela inaongezeka. Mwakani nakufanya msimamizi wa stoo." Nikaomba siku mbili za kufikiri. Nyumbani Shirimatunda nina kaunta buku tatu za riwaya isiyokwisha, na jioni ndiyo saa yangu ya kuandika.

Hebu msomaji mwenzangu, wewe ungechagua nini? Saa chache, au kupanda cheo?

Wenzangu wa kijiweni walinicheka. "Acha uzembe, mwana! Mchaga gani anakataa hela?"

Mwaka 1930 mchumi Mwingereza, John Maynard Keynes, alitabiri kuwa baada ya miaka mia moja watu watafanya kazi saa 15 tu kwa wiki, kwani mali itatosha. Miaka mia ndiyo hiyo inafika, na sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inaruhusu hadi saa 45 kwa wiki, ovataimu mbali. Kwa nini? Naona mtu hatafuti cha kumtosha tu. Jirani akiezeka bati la rangi, bati lako zima linageuka aibu.

Basi nikaamua kukataa. Nikajiona mwanafalsafa hasa! Mama alipoingia na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, nikamweleza. Akautua, akajifuta jasho.

"Vizuri, mwanangu. Na mimi ruhusa nikaombe kwa nani?"

Nikakosa jibu.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili. Sisi tuko pembeni mwa mji, lakini saa za mama ni zilezile. Alfajiri anakamua, asubuhi yuko soko la Mbuyuni na ndizi zake, jioni majani, usiku jiko. Hana mwajiri, kwa hiyo hakuna anayezihesabu. Na mimi ninapokaa na kalamu, ugali unasongwa na nani?

Hapo nikaona kasoro ya swali langu. Nilipima muda wangu kwa mshahara wangu, nikamsahau anayelipia vyote viwili. Nikichukua ovataimu yote, riwaya inakufa. Nikiikataa yote, mgongo wa mama unaendelea kulipa.

Nimemwambia bosi siku tatu kwa wiki, siyo zote. Cheo cha stoo nadhani kitakwenda kwa mwingine, na sitadanganya, inaniuma. Hela ya siku hizo inamlipa kijana wa kukata majani. Jumapili nakata mwenyewe.

Nawe ndugu unayeandika usiku, kabla hujakaa mezani, tazama kwanza nani bado amesimama jikoni.