Bakuli la Mtoto

Mlima wetu wa Meru hutoa ndizi, maharage na maziwa. Lakini hapa Lemara mama maskini huuza mayai ya kuku wake apate fedha ya unga, naye mtoto mdogo hupewa uji mwepesi na chai tupu. Tumbo hujaa, mwili haukui. Mwaka 2022 ilionekana kwamba katika watoto 10 wa Tanzania wasiotimiza miaka 5, 3 wamedumaa. Tusimlaumu mama huyo. Mtoto ndiye aliyetoa mikate 5 na samaki 2, Bwana akalisha maelfu. Je, sisi watu wazima tumnyime mtoto? Basi tusiombe baraka mezani petu kabla ya kumpelekea jirani kibaba cha maharage.